Kigoda Kilichoinama Upande

Kila nikipanda ngazi za benki, Korogwe mjini, natanguliza mguu wa kushoto, kisha nauvuta wa kulia uje pale pale, halafu naanza upya. Walio nyuma yangu wananivumilia. Wengine huniuliza kwa huruma kama ni ajali ya pikipiki, maana siku hizi kila mguu mbovu unasingiziwa bodaboda. Nikisema hapana, ni mpira wa pete, wanacheka. Mzee mmoja aliniambia, "Mama, na ule nao ni mchezo wa kuvunjana miguu?" Nilimjibu vibaya. Sijuti kwa hilo. Mambo ya kujuta ninayo mengine.

Asiyewahi kuucheza haelewi. Kwenye mpira wa miguu ukipokea pasi unaendelea kukimbia, na mwili unapunguza mwendo wenyewe taratibu. Kwenye mpira wa pete unakimbia kwa nguvu zako zote, unaruka, unadaka, na ukitua unatakiwa usimame hapo hapo. Ukiongeza hatua refa anapuliza. Ule mwendo wote uliokuwa nao lazima uishie mahali, na mahali penyewe ni goti. Hayo nilikuja kuelezwa nikiwa tayari nimeumia. Wakati nacheza nilichojua ni kwamba mimi ni mrefu, naruka, na nikishafika chini ya pete hakuna wa kuninyang'anya.

Nilizaliwa Misima, upande wa Handeni, nikaolewa Mnyuzi, upande wa Korogwe. Familia ya mume wangu ilishuka zamani kutoka milima ya Usambara, baba mkwe alipopata kazi ya kutunza reli, na alipostaafu wakabaki hapo hapo, kwenye shamba la mahindi na migomba kidogo. Kwetu tulizungumza Kizigua, kwao Kishambaa, tukaelewana kwa Kiswahili na kwa adabu. Kwa baba mkwe, adabu ilikuwa kubwa kuliko Kiswahili.

Mama yangu alinifundisha kabla ya harusi, kwa msisitizo wa mtu anayejua kwamba binti yake ana mdomo. Mkwe hakai kwenye kiti baba mkwe akiwepo, anakaa mkekani. Anapiga magoti kumwamkia, macho chini. Hanyooshi miguu mbele yake kabisa, hata awe amechoka vipi. Na yeye baba mkwe hamtumi mkwewe moja kwa moja. Akitaka maji anamwambia mkewe, na mkewe anamwambia mkwe, hata kama wote watatu wako chumba kimoja. "Ukinyoosha miguu mbele ya mzee wa watu," mama aliniambia, "watakayemsema ni mimi, si wewe."

Basi nikashika. Nyumba yetu na ya wakwe zilikuwa ua mmoja, tulionana kila siku ya Mungu, lakini miaka ilipita bila mimi na yule mzee kuambiana neno zaidi ya shikamoo na marahaba. Sikuona vibaya. Nilijua watu walioishi hivyo maisha yao yote wakazikana kwa machozi ya kweli.

Ila uwanjani mambo yalikuwa mengine. Timu yetu ya wanawake ilifanya mazoezi jioni, kwenye kiwanja cha udongo mwekundu karibu na reli, mkavu na mgumu kama sakafu. Baba mkwe alikuwa anapita na baiskeli akitoka shambani. Mwanzoni alipita tu. Baadaye akawa anasimama pembeni, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli, kama mtu anayengoja treni ipite. Tulipokuwa na mechi alikuja mapema na akasimama pale pale. Na nilipofunga, alipiga makofi. Uwanjani kila mtu anamtazama mchezaji na kila mtu anampigia makofi, hakuna wa kusema mzee anamwangalia mkwewe. Jioni mama mkwe alikuwa akiniletea habari huku akijizuia kucheka: "Mzee kasema leo ulikuwa unaruka kama umesukumwa na mtu." Nilijitia kama sijasikia, lakini moyoni nilikuwa nimevimba kwa furaha. Hayo yalikuwa mazungumzo yetu. Mimi naruka, yeye anapiga makofi.

Siku ya kuumia tulikwenda kucheza Makuyuni. Tulipanda lori lililokuwa limetoka kushusha matofali, tukakaa chini kwenye vumbi lake, miguu tumeikunja, mmoja kwenye mapaja ya mwenzake. Njia nzima tuliimba. Tulimtukana kipa wao kwa nyimbo, tukamtukana na refa ambaye hatujamjua bado. Tulipofika wenyeji walikuwa wameshajipanga uwanjani, refa anaangalia saa. Tukaruka kutoka kwenye lori, tukavua kanga, tukaingia. Koo zilikuwa zimepata moto kuliko misuli. Hakuna aliyekimbia hata mara moja kuzunguka kiwanja, hakuna aliyenyoosha paja. Kapteni wetu alipouliza kama tujiandae kidogo, tulimwambia aache uoga. Mimi nilikuwa wa kwanza kumwambia.

Haikuchukua muda. Pasi ilikuja juu, nikaifuata, nikaidaka. Nilitua kwa mguu wa kulia, mwili ukitaka kugeukia pete na unyayo ukiwa umeng'ang'ania chini. Nilisikia kitu ndani ya goti, sauti ndogo, kama kijiti kibichi kinachokunjwa. Sikupiga kelele. Nilikaa chini nimeukumbatia mpira, nikawa nashangaa kwa nini sitaki kuuachia.

Kilichofuata kila mtu wa kwetu anakijua, maana tumekifanya tangu utoto na tunakifanya mpaka leo. Wanawake wa Makuyuni, wenyeji wema, walichemsha maji. Wakatia chumvi. Goti lilikuwa linavimba mbele ya macho yetu, na wao wakalikanda kwa kitambaa cha moto, mmoja ananishika mabega, mwingine anaminya. Kisha akaletwa mama mmoja anayesifika kwa kurudisha viungo. Akaupaka mguu mafuta, akauvuta. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Walinisifu kwa kujikaza. Nilirudi Mnyuzi kwenye lori lile lile na goti lenye ukubwa wa papai, wenzangu wakiimba taratibu ili wasinichoshe.

Kesho yake mume wangu alinipeleka hospitali Korogwe. Mtaalamu wa viungo alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri, mwenye mikono baridi na maneno machache. Aliligeuza goti huku na huku, akaniambia kano zimevutika vibaya lakini anaona hazijakatika. Ndipo akauliza tumelifanya nini. Nilipomwambia maji ya moto na kuvutwa, alifumba macho kidogo.

"Dada, jeraha bichi halikandwi kwa moto," alisema. "Ndani kunavuja damu, wewe unaifungulia mlango."

Akamgeukia mume wangu, kwa kuwa aliona mimi nimeshachukia. Akamweleza mambo yenyewe. Siku za mwanzo ni kupumzika, kulipooza goti kwa kitu cha baridi kilichozungushiwa kitambaa, kulifunga bandeji isiyokaza sana, na zaidi ya yote kuuinua mguu, ulazwe juu ya kitu, uwe juu kuliko kifua, mchana na usiku. Usininginie. Usikunjwe. Uvimbe ukiisha ndipo mazoezi yaanze: kukaza paja na kuachia, kuteleza kisigino, kusimama kwa mguu mmoja nimeshika ukuta. "Na uwanjani asirudi mpaka mimi nimwone," alisema. "Maumivu yakiisha si kwamba goti limepona. Maumivu yanatangulia kuondoka, nguvu inachelewa kurudi."

Nilimsikia vizuri. Niseme ukweli, nililipenda hilo la kupumzika. Nilidhani gumu litakuwa la mazoezi.

Mume wangu ni dereva wa malori ya mbao, hakuweza kukaa. Alinitandikia godoro sebuleni ili nisibanwe na chumba, akawaeleza wazazi wake yote aliyoambiwa, akaondoka. Baridi niliipata kwa jirani mwenye jokofu anayeuza barafu za ukwaju, zile za kwenye vifuko. Nilikuwa naziweka gotini mpaka zilainike, kisha wanangu wawili, wadogo wakati ule, wanagombania kuzinyonya. Mkubwa alikuwa anakuja kila mara kuuliza, "Mama, goti limeshashiba?" Hizo ndizo kumbukumbu nzuri nilizonazo za wiki ile.

Maana wageni walianza. Kwetu mtu akiumia haachwi. Walikuja wa Mnyuzi, walikuja wenzangu wa timu, ndugu zangu walipanda basi kutoka Misima. Kila anapoingia mtu unainuka kidogo, unajiweka sawa, unavuta kanga. Kila mzee anayeingia unajitahidi ukae kitako. Akiondoka unamsindikiza, angalau mpaka mlangoni, maana utamwachaje mtu aliyetembea jua lote lile kukupa pole aondoke mwenyewe kama amefukuzwa? Nilikuwa nasindikiza kwa kurukia mguu mmoja, nimeshika ukuta, na wote wananiambia nisijisumbue, na wote wanapunguza mwendo kuningoja.

Na jioni, kila jioni, alikuja baba mkwe.

Hakuwahi kuingia nyumbani mwetu bila sababu kabla ya hapo. Sasa alikuwa na sababu. Alikuwa anakohoa nje, mama mkwe anatangulia, yeye anafuata. Nikisikia kile kikohozi tu, nauteremsha mguu kutoka kwenye mito, naukunja chini yangu, natandaza kanga juu, nainamisha kichwa. "Shikamoo baba." "Marahaba." Halafu anakaa. Hasemi kitu, ila mara moja moja anamwambia mkewe kwa Kishambaa jambo la shamba. Mimi goti linawaka moto chini ya kanga, jasho linanitoka mgongoni, nauhesabu uvumilivu wangu kuwa heshima. Alikaa mpaka adhana ya magharibi. Nilidhani anakaa sana kwa sababu ananionea huruma, na nilitaka aone kwamba mkwe wake amefunzwa.

Siku moja hakuja na mkewe. Nilisikia kikohozi, nikakunja mguu, nikangoja. Hakuingia. Nilipochungulia nikaona kizingitini pamewekwa kigoda kipya, na mgongo wa mzee ukirudi nyumbani kwake.

Baba mkwe hakuwa fundi. Alikuwa mtu wa nyundo na vyuma vya reli, na mbao kwake zilikuwa kitu cha kulazimisha. Kigoda chenyewe kilikuwa kichekesho. Kilikuwa kirefu kuliko vigoda vya kawaida, chembamba, miguu ya upande mmoja mirefu kuliko ya upande wa pili, kwa hiyo juu kimeinama. Katikati amekichimba kama mtaro. Juu ya mtaro amezungushia gunia la mkonge, na ndani ya gunia kajaza sufi. Nilicheka peke yangu. Nikajua mara moja kwamba mzee amechoka kukaa kwenye viti vyetu vya mbao vigumu, na kwa kuwa hawezi kuniambia, amejitengenezea chake chenye godoro. Nilifurahi hata. Nikamwita mwanangu akiweke mahali pa heshima, karibu na dirisha.

Alipokuja jioni iliyofuata, kabla hajafika kwenye kiti, nilimsukumia kigoda kwa mikono miwili, nimepiga magoti, goti lile lile. Alisimama. Alimtazama mkewe. Mama mkwe alifungua mdomo, akaufunga. Kisha mzee akakaa. Aliteleza, akajishikilia kwa mkono, akakaa tena. Na kila jioni baada ya hapo nilimpa kigoda, na kila jioni alikaa, ameinama upande mmoja kama mzigo uliofungwa vibaya kwenye baiskeli, mpaka adhana. Watoto walitoka nje kwenda kucheka.

Uvimbe ulikataa kuisha haraka, kisha ukapungua shingo upande. Mazoezi niliyafanya nusu nusu. Mchana watu wapo, na kulala chali sebuleni unapandisha na kushusha mguu si jambo la mke wa mtu kufanya mbele ya wageni. Maumivu yakaondoka, kama yule binti alivyosema. Nikawa natembea. Nikarudi shambani kidogo kidogo. Na kulikuwa na mechi Korogwe mjini, ambayo timu yetu iliisubiri kuliko zote. Kapteni alikuja, akaniambia hawanilazimishi. Alilisema mara nyingi mno.

Sikwenda kumwona mtaalamu. Nilifunga bandeji mbili, nikavaa raba mpya, na safari hii nilikimbia kuzunguka kiwanja kabla ya mchezo, nikanyoosha misuli kuliko mtu yeyote, kama mtu anayelipa deni lililopitwa na wakati. Baba mkwe alikuja. Alikuwa amepanda basi kutoka Mnyuzi bila kumwambia mtu, nikamwona amesimama pembeni na koti lake la Idi, bila baiskeli, hajui miguu yake aiweke wapi.

Nilifunga mara mbili na makofi yake niliyatambua kati ya makofi yote. Kisha sikuruka hata. Niligeuka tu, kugeuka kwa kawaida, kama mtu aliyeitwa. Goti likaachia. Halikuuma sana kama la Makuyuni, ndiyo maana niliogopa zaidi. Lilikuwa limelegea, kana kwamba si langu. Nilipoangalia pembeni, mzee alikuwa ameingia uwanjani hatua kadhaa. Halafu akasimama. Hakuweza kuja kunishika, nami nisingeweza kushikwa naye. Akabaki pale katikati, mikono mbele, mpaka wenzangu waliponibeba wakampita.

Yule binti wa Korogwe hakunisema. Ningependa angenisema. Alinieleza kwamba sasa kano moja imekatika, kwamba kuna upasuaji lakini ni hospitali kubwa, mbali, na miezi mingi ya mazoezi baada yake. Nilikuwa na mimba changa. Tukasema baadaye. Mtoto akazaliwa, ikawa baadaye nyingine. Goti likazoea ubovu wake na mimi nikalizoea.

Sikucheza tena. Najua ni mpira tu, wala sikuwa nalishwa na mpira. Lakini nilikuwa na umri ule ambao mwanamke wa kwetu anaanza kuitwa mama na kila mtu na kutumwa na kila mtu, na pale chini ya pete ndipo pekee nilipokuwa natakiwa kuruka. Nilisikitika kwa namna ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia. Mume wangu alisema, "Shukuru unatembea." Nilishukuru, na nilisikitika hivyo hivyo.

Na baba mkwe aliacha kusimama kiwanjani. Alipita na baiskeli bila kupunguza mwendo. Nyumbani tukarudi kwenye shikamoo na marahaba, ila sasa hakukuwa na mama mkwe wa kuniletea habari, maana habari yenyewe haikuwepo. Mzee hakuja tena kukaa jioni. Kigoda kilihamia jikoni, kikahamia stoo, kuku mmoja akakifanya mahali pa kutagia.

Hayo yalikaa hivyo miaka, mpaka msimu huu wa mvua, baba mkwe alipoteleza na baiskeli kwenye daraja dogo la shambani akavunjika kifundo cha mguu. Walimfunga plasta mpaka chini ya goti. Akarudi nyumbani na maagizo ambayo niliyajua neno kwa neno: apumzike, mguu uinuliwe, usininginie. Walimtandikia godoro sebuleni kwake, ameegemea ukuta, na mguu wameuweka juu ya mto ambao kila akijigeuza unateleza. Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi mbivu.

Nilikumbuka kile kigoda. Nilimwondoa kuku, nikakisugua, nikabadilisha sufi, nikashona gunia upya. Nilipokuwa nakigeuza mikononi ndipo kitu kikaanza kunisumbua, ule urefu wake, ule mtaro katikati. Nikapuuza. Nilikipeleka jikoni kwa mama mkwe, nikamwambia kitafaa kuwekea mguu wa baba.

Mama mkwe alikipokea, akakiangalia. Akakaa chini.

"Mwanangu," alisema, "hicho alikuchongea wewe."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikataka asiseme.

"Alisikia umeambiwa mguu ukae juu. Akaona unavyoukunja tukiingia. Alisumbuka sana. Akasema, mkwe anajiumiza kwa ajili yangu, lakini nisipokwenda kumjulia hali watu watasema simjali. Akachonga hicho. Alikipima kwa mguu wangu mimi, akaongeza kwa sababu wewe ni mrefu. Akaniambia nikwambie wewe. Mimi nilikuwa nimekwenda msibani, nikasema nitakwambia tukija jioni. Tulipokuja, ukampa akikalie."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesemaje pale pale? Ulikuwa umepiga magoti, umefurahi. Yeye akaona akikataa atakuaibisha. Kesho yake nikasema nitasema kesho. Halafu nikakuona unatembea."

Nililia jikoni kwa hasira. Niliwakasirikia wote, mzee na mkewe na mama yangu na mafunzo yake. Nilikasirika kwamba tulipendana kiasi kile na kila mmoja akautumia upendo wake kumziba mwenzake mdomo. Sijui kama kigoda kingeliokoa goti langu. Pengine ningerudi uwanjani mapema hata hivyo, najijua. Lakini ningependa kuwa nimeharibu mwenyewe, kwa ukaidi wangu, si kwa heshima.

Niliosha uso, nikakibeba, nikaenda kukiweka. Nilipofika mlangoni nikasema hodi. Ndani nikasikia plasta ikigonga sakafu. Alikuwa ameuteremsha mguu. Nilipoingia alikuwa ameuvuta karibu na mwili, ameufunika na shuka, uso umekaza kwa maumivu, macho pembeni. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikaacha kigoda karibu na godoro, nikatoka haraka ili aweze kuuinua. Siku zilizofuata nilijaribu kuamkia kutoka nje, nyuma ya ukuta. Haikusaidia. Sauti yangu tu ilitosha, na plasta ilikuwa inagonga sakafu.

Juzi sikutoka. Niliingia na uji wake, nikampa mama mkwe, nikakaa mkekani kama kawaida, miguu nimeikunja upande. Goti lilikuwa linauma kwa sababu nilikuwa nimeshinda shambani. Mzee alikuwa ameuficha mguu wake chini ya shuka. Kigoda kilikuwa katikati yetu, kitupu. Nikautoa mguu wa kulia chini ya kanga, nikaunyoosha mbele yake, wote, mpaka unyayo.

Baba mkwe aligeuza uso ukutani upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu. Mama mkwe aliacha kuchambua mchele. Nilijua mama yangu kule Misima angezirai. Sikuukunja.

Baada ya muda nikasikia shuka linasogea. Bado ameangalia ukuta, mzee aliuinua mguu wake kwa mikono miwili, akaulaza juu ya kigoda. Plasta iliingia kwenye ule mtaro, kisigino juu, goti chini, ikatulia. Kigoda hakikuwa kimekosewa hata kidogo.

Filimbi ilisikika kutoka kiwanjani. Wasichana walikuwa mazoezini. Alisikiliza.

"Siku hizi hawaruki," aliuambia ukuta.

Mama mkwe alinigeukia ili anifikishie, kama alivyozoea, kisha akaona hakuna haja.

"Hawaruki, baba," nilimjibu.

Nikautazama mguu wangu pale mkekani, na goti langu lililokwisha kupinda. Hivi tu ndivyo ilivyotakiwa wiki ile niliyoumia: mimi ninyooshe mguu, yeye aangalie ukutani.